Kwa nini Mchina akitaja bei lazima na vidole vitaje? Wanaojua Kichina karibuni

MzigoGuangzhou, #1
Habari wakuu.

Nafuata mzigo Guangzhou, viatu na mabegi. Kuna jambo naliona kila nikienda na sijapata mtu wa kunieleza likaniingia. Muuzaji akitaja bei, vidole vinatoka pamoja na neno. Akisema sita, kidole gumba na kidole cha mwisho vimeshanyooka. Akisema nane, gumba na cha shahada. Anafanya hivyo hata akiongea na Mchina mwenzake, kwa hiyo si kwa ajili yetu wageni. Lakini mtu huyohuyo akianza soga na jirani yake wa duka la pili, mikono inatulia juu ya kaunta kuliko mikono ya Mswahili yeyote ninayemjua.

Hoja yangu ni kwamba Mchina harushi mikono ovyo kama sisi. Mkono wake unabeba kitu ambacho mdomo peke yake haukifikishi. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, sababu ni nini?

Nyamaza Kwanza, #2
Naweka kambi hapa. Waje waliosoma huko.

KijanaWaWuhan, #3
Nimesoma Wuhan, nichangie kidogo.

Moja mpaka tano ni kama zetu. Kuanzia sita ndipo mkono mmoja unatosha kwa kila namba. Sita umeitaja. Saba, ncha za gumba, shahada na cha kati zinakutana. Nane, gumba na shahada vimeachana, na ukivielekeza chini unaona kabisa herufi yao ya nane: 八. Tisa, shahada inapinda kwenye kiungo. Kumi, vidole viwili vya shahada vinakatana, maana herufi ya kumi imeandikwa kama alama ya kujumlisha: 十. Wengine kumi wanafunga ngumi tu.

Sababu ninayoiamini mimi ni sauti. Nne ni *sì*, kumi ni *shí*. Watu wengi wa kusini hawatofautishi "s" na "sh" wanapoongea Kimandarini, kwa hiyo inabaki toni peke yake, yaani sauti kupanda au kushuka. Sokoni, pikipiki zinapita, spika inatangaza punguzo, toni gani utaisikia? Wachina wenyewe wana sentensi ya kukwaza ulimi inayochezea hizo nne na kumi, watoto wanashindana kuitamka. Vidole vinaondoa ubishi.

Mama Viatu Kkoo, #4
#3 asante sana. Haya ya nane yalinikuta. Nilioneshwa gumba na shahada, nikahesabu vidole viwili, nikaelewa ishirini. Nikachagua ndala kwa furaha, nikafungiwa. Kwenye kulipa naambiwa themanini kwa pea. Muuzaji hakunidanganya, mdomo wake ulisema nane toka mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa nasikiliza kwa macho.

Nyamaza Kwanza, #5
Mama Viatu, kumbe ndiyo maana bei ya ndala zako za mwaka jana ilikuwa haishikiki 😂

Mama Viatu Kkoo, #6
Wewe ulikopa pea mbili na hujalipa, usinichokoze mbele za watu.

MkalimaniKE, #7
Hamjambo nyote. Nimefanya ukalimani wa Kichina hapa Nairobi kwa miaka, kwanza kwenye ujenzi, sasa kwenye mikutano.

#3 amesema vizuri lakini aongeze kwamba ishara hizo si moja nchi nzima. Kule Taiwan gumba na shahada ni saba, na nane wanaongeza kidole cha kati. Kwa hivyo mfanyabiashara aliyezoea Guangzhou akikutana na mwenye kiwanda kutoka Taipei, atauziwa nane akidhani ni kitu kingine. Ngumi pia iangalieni. Kuna mahali ni kumi, na mwingine akiikunja anamaanisha hana kitu, sifuri.

Mimi sikubaliani kwamba sababu ni *sì* na *shí* pekee. Kama ingekuwa hivyo, wangeonyesha nne na kumi na kuacha zingine. Mbona wanaonyesha zote?

Naona sababu ni lahaja. Mtu wa Guangzhou akiongea Kikantoni na wa Beijing akiongea chake, hawasikilizani kabisa. Wamefanya biashara karne nyingi, na kitu kilichowaunganisha ni maandishi. Zile ishara nyingi ni maandishi yaliyopanda mkononi: nane ni herufi, kumi ni herufi. Mkono unasomeka popote.

KijanaWaWuhan, #8
#7 hapo kwenye maandishi nakuunga mkono, na kuna jambo kubwa kuliko namba. Ukimuuliza Mchina jina la ukoo akasema "Zhang", mwenzake atauliza Zhang ipi, maana kuna zaidi ya moja zinazotamkwa vilevile. Atajibu kwa kuichambua herufi: ile ya "upinde" na "ndefu", au ile ya "simama" na "mapema". Wakati anaichambua, kidole cha shahada kinaandika kwenye kiganja cha mkono wa pili, mchoro kwa mchoro. Anayesikiliza anatazama kiganja. Hapo mdomo na mkono wanagawana kazi waziwazi: mdomo unatoa sauti, kiganja kinatoa umbo.

Nimeona mtu akifanya hivyo akiwa kwenye simu, na wa upande wa pili hamwoni.

Bi Zuhura wa Pwani, #9
Wanangu, hilo la kwenye simu si la Wachina. Mimi hapa Mombasa nikimwelekeza mtu njia kwa simu, mkono unakata kushoto na kulia peke yake. Mume wangu marehemu alikuwa akinicheka kila siku.

DawatiLaLugha, #10
Bi Zuhura shikamoo, na umegusa penyewe. Nafundisha isimu, nitaeleza kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Kuna mambo mawili mnayachanganya tangu #1. Ishara za namba ni ishara zenye maana iliyokubaliwa na jamii. Unaweza kuzitumia bila kusema neno, na ukikosea umekosea, kama Mama Viatu alivyoona. Kisha kuna mikono ile inayocheza wakati mtu anasimulia. Hiyo haina kamusi, inazaliwa pamoja na sentensi. Ndiyo Bi Zuhura anayoifanya kwenye simu, na hata watu waliozaliwa vipofu wanaifanya wakiongea na kipofu mwenzao.

Hiyo ya pili ndiyo David McNeill wa Chicago alitumia maisha yake kuichunguza. Aliwaonyesha watu katuni ya paka Sylvester na ndege Tweety, halafu akawarekodi wakiwasimulia wengine. Alidai kwamba neno na mkono vinatoka kwenye wazo moja lisilogawanyika, na kila kimoja kinachukua upande wake. Yeye na Susan Duncan waliwarekodi pia wasimuliaji wa Kichina, na hapo ndipo penye utamu. Kwenye simulizi za Kiingereza, mkono unaoonyesha tendo kwa kawaida hupiga pamoja na kitenzi. Kwa Kichina walikuta mahali ambapo mkono unawahi: msimulizi anaanza kumtaja bibi kizee wa kwenye katuni na kile alichokishika, na tayari mkono umeshashusha pigo, wakati kitenzi cha kupiga bado kiko mbali mwishoni mwa sentensi. Walieleza kwamba Kichina hupenda kutandika mada kwanza, "kuhusu hiki", halafu ndipo habari yake inafuata. Mkono unasaidia kutandika.

Kwa hiyo swali la #1 kama mkono unabeba kitu ambacho mdomo haukifikishi, jibu langu: unabeba kabla mdomo haujafika.

MzigoGuangzhou, #11
Mwalimu nashukuru. Lakini hapo kwenye "mkono unawahi" mbona sisi pia? Mtu akisema "nilimkuta amesimama, nikam... nikampiga kofi", kofi limeshapita hewani kabla neno halijatoka.

DawatiLaLugha, #12
Ni kweli, kila lugha mkono huwahi kidogo. Tofauti ni umbali. Kwako umewahi ndani ya kitenzi. Kwa yule msimulizi, umewahi sentensi karibu nzima.

Fundi Reli, #13
Babu yangu alikuwa kibarua kwenye reli ya TAZARA wakati Wachina wanajenga, kati ya 1970 na 1975, upande wa Mlimba. Hakujua Kichina zaidi ya salamu. Alituambia kazi yote ilikwenda kwa mikono: mataruma mangapi, inua, shusha, ngoja. Mpaka amezeeka, ukimuuliza bei ya kitu akitaka kusema saba alibana vidole vitatu. Bibi alidhani anaomba chumvi.

Nilichotaka kusema ni kwamba alisema Wachina wale walikuwa wanaonyesha na kusema kwa pamoja, siku zote, hata walipojua kwamba vibarua hawaelewi neno hata moja. Hawakuonyesha kimyakimya. Ndivyo babu alivyojifunza namba zao.

MkalimaniKE, #14
#13 hiyo hadithi imenigusa. Kwenye ujenzi wa reli ya SGR niliona vivyo hivyo, vijana wetu wa Voi walijua sita mpaka kumi kwa vidole kabla ya wiki kwisha.

Sasa niwape fumbo lililonisumbua kazini. Msimamizi akisema "mwezi ujao", mkono wake unashuka chini. "Mwezi uliopita", unapanda juu. Mara ya kwanza nilidhani anaeleza kina cha msingi wa daraja.

KijanaWaWuhan, #15
Hilo ni la maneno yenyewe. Mwezi uliopita ni *shàng ge yuè*, mwezi wa juu. Ujao ni *xià ge yuè*, mwezi wa chini. Wiki vivyo hivyo. Mkono unafuata neno tu.

Sauti ya Kigoma, #16
Na ilishathibitishwa kwamba Wachina wanafikiri wakati kwa kwenda juu na chini. Mtafiti wa saikolojia Lera Boroditsky alipima mwaka 2001, kesi imeisha.

DawatiLaLugha, #17
Haijaisha, ndugu yangu. Mwaka 2007 wengine walirudia jaribio lile wakashindwa kupata matokeo yale. Boroditsky na wenzake wakarudi mwaka 2011 na jaribio jingine, wakapata tena tofauti kati ya Wachina na Wamarekani. Mpaka leo watu wanavutana juu ya kilichopimwa hasa.

Kwenye mikono kuna ushahidi ninaouona mzuri zaidi, kwa sababu hakuna aliyemwambia mtu apungie wapi. Watafiti wa Tilburg, Uholanzi, walichapisha mwaka 2017 kazi juu ya Wachina wanaojua Kiingereza. Waliinua na kushusha mikono zaidi pale maneno yenyewe yalipokuwa ya "juu" na "chini", kama #15 alivyosema. Lakini mikono ya juu na chini ilitokea pia kwenye maneno ya wakati yasiyo na juu wala chini ndani yake. Kwa hiyo "mkono unafuata neno tu" haitoshi.

Sauti ya Kigoma, #18
Sawa, basi ni maandishi. Waliandika kutoka juu kwenda chini karne na karne. Yaliyotangulia yako juu, yanayofuata yako chini. Rahisi.

KijanaWaWuhan, #19
Hapana. Gazeti la Renmin Ribao lilihamia mistari ya kulala tarehe 1 Januari 1956. Wanafunzi wenzangu wamezaliwa miaka ya tisini, hawajawahi kusoma kitabu cha shule chenye mistari ya kusimama. Na mikono yao inashuka vilevile wakisema wiki ijayo.

Sauti ya Kigoma, #20
Lugha ilibeba tabia ya maandishi, na wao wameirithi lugha. Sioni umenipinga wapi.

KijanaWaWuhan, #21
Basi umerudi kwenye neno, ambako mimi nilikuwa #15. Karibu.

Bi Zuhura wa Pwani, #22
Msigombane. Niulize mimi nisiyesoma: na juzi je? Mkono wao unakwenda wapi?

MkalimaniKE, #23
Bi Zuhura hilo swali lako ndilo gumu kuliko yote. Juzi kwa Kichina ni *qiántiān*, siku ya mbele. Keshokutwa ni *hòutiān*, siku ya nyuma. Kwa hivyo kuna wanaosema juzi na mkono ukaenda mbele ya kifua, kinyume na sisi tunaotupa mkono begani kwa mambo yaliyopita. Mtu huyohuyo akisema "maisha ya mbeleni", mkono unaenda mbele pia. Nimewakalimani watu walioonyesha zote mbili ndani ya kikao kimoja, na hakuna Mchina mezani aliyechanganyikiwa ila mimi.

Mama Viatu Kkoo, #24
Mimi narudi kwenye kutulia kwa mikono alikosema #1. Naona ni adabu. Kijana mbele ya mkubwa hapungi mikono. Kadi ya biashara anakupa kwa mikono miwili, kikombe anakipokea kwa mikono miwili. Sasa mikono yote miwili ikiwa kwenye kadi utaonyesha na nini?

KijanaWaWuhan, #25
Adabu ipo, lakini hiyo ni ya ofisini na ya mara ya kwanza kuonana. Njoo mezani usiku wakicheza *huáquán*. Wawili wanatoa vidole kwa wakati mmoja, kila mmoja akipiga kelele jumla anayobashiri. Mimi natoa vitatu, napiga kelele saba. Wewe ukitoa vinne, nimeshinda, unakunywa. Hapo mkono na mdomo vinasema namba tofauti kwa makusudi, sekunde ileile, mbio. Mgeni hawezi. Mdomo wake unataja vidole vyake mwenyewe.

DawatiLaLugha, #26
#25 huo mfano nitauchukua darasani. Kukwama kwa mgeni kunaonyesha jinsi viwili hivyo vilivyofungwa pamoja: kuvitenganisha ni ufundi wa kujifunza.

Nyamaza Kwanza, #27
Na ile ya kugonga meza wakimiminiwa chai? Nimeiona kwenye mgahawa wa Wakantoni, mtu anaendelea kuongea na jirani yake huku vidole viwili vinagonga tu.

MkalimaniKE, #28
Hiyo ni asante. Ni ya Guangdong na Hong Kong zaidi. Wanasimulia kwamba mfalme Qianlong alisafiri kusini amejificha kama raia, akamimina chai kwa mtumishi wake. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, akavikunja vidole vikapiga magoti mezani. Ni ngano, lakini matumizi yake ni ya kweli kabisa: mkono unashukuru bila kumkata mtu maneno. Mdomo una mazungumzo yake, vidole vina yao.

Sauti ya Kigoma, #29
Hapo sasa #10 imepata shida. Kama mkono na neno ni wazo moja, mbona mtu anashukuru huku na kulalamikia kodi ya nyumba huku?

DawatiLaLugha, #30
Kwa sababu kugonga meza ni wa kundi la kwanza, ishara yenye maana iliyokubaliwa. Nilivitenganisha mapema.

Sauti ya Kigoma, #31
Mpaka huo unausogeza kila ukibanwa, mwalimu. Namba ni kundi la kwanza, kiganja cha Zhang ni la ngapi? Kinatokea ndani ya sentensi, kinajaza pengo la sentensi, na bado kina herufi iliyokubaliwa.

DawatiLaLugha, #32
Cha Zhang kiko katikati, nakubali. McNeill mwenyewe aliziweka ishara kwenye msururu, si kwenye masanduku mawili.

Amina_Muscat, #33
Habari za jioni wote. Mimi ni mwalimu wa chekechea, niliwahi kusoma jambo linalohusiana na hili. Kichina kinaruhusu kuacha kutaja mtenda na mtendwa. Unasema "amechukua" bila kusema nani na nini. Wing Chee So na Susan Goldin-Meadow na mwenzao walichunguza watoto wadogo wa Kichina na wa Kiingereza mwaka 2010. Waliona kwamba pale maneno ya mtoto yanapoacha utata juu ya nani anatajwa, mkono wake unaingia kuonyesha. Kwa hiyo sababu nyingine iwekeni mezani: si toni, si herufi. Ni sentensi kuachwa wazi na mkono kuifunga.

Lakini ilikuwa kwa watoto wa lugha zote mbili, sasa sijui kama mnaweza kusema ni Uchina.

MkalimaniKE, #34
Amina, hiyo ndiyo naiona mezani kila siku. Mkandarasi anasema "bado haijafika", hataji nini. Ukiangalia mkono, umeelekea dirishani, upande wa stoo. Ni saruji. Ukikalimani kwa masikio tu utauliza "nini haijafika?" na wote watakushangaa, kwa sababu wao wameshaambiwa.

Amina_Muscat, #35
Na kuna kazi nyingine ya Goldin-Meadow, ya 1998, kuhusu watoto viziwi ambao hawakufundishwa lugha ya alama, wengine Taiwan, wengine Marekani. Kila mtoto alijitungia ishara zake nyumbani. Ishara zile zilifanana kwa muundo kuliko zilivyofanana na mikono ya mama zao. Mama wa Taiwan na mama wa Marekani hawapungi mikono sawa, ila watoto walikutana njiani.

Bi Zuhura wa Pwani, #36
Subhanallah. Hilo la watoto nitamsimulia mwanangu, ana mtoto asiyesikia.

Na sisi tusijisahau. Mswahili wa kale alikuwa na mkono wa kila neno. Sheikh Yahya Ali Omar wa hapa Mombasa aliandika juu ya ishara zetu pamoja na Carol Eastman, mwaka 1985, wakazitaja vielezi na viingizi. Ukisema kimya "ji", ukisema mtu kaanguka "pu", mkono haubaki chini.

Fundi Reli, #37
Bi Zuhura umenikumbusha: Mchina akimwita mtu, kiganja kinaangalia chini na vidole vinakwangua. Sisi pia. Babu alisema hiyo ndiyo ishara pekee ambayo hakuna aliyehitaji kufundishwa pande zote mbili.

Nyamaza Kwanza, #38
Mwenye uzi yuko wapi? Ametuwashia moto akalala.

MzigoGuangzhou, #39
Nipo nasoma yote, nilikuwa nafunga dukani. Bado sijashawishika kuiacha ya #3, maana mimi niko sokoni na sokoni ni kelele. Ila ya Amina imenifanya niangalie upya. Kuna muuzaji ambaye hataji bidhaa kabisa, anasema "hii haina, ile ipo", mkono unazunguka rafu nzima. Nilidhani ni uvivu.

Swali la nyongeza kwa MkalimaniKE: niliambiwa zamani wafanyabiashara wa mifugo kule walipatana bei mikono ikiwa ndani ya mikono ya nguo, bila kusema. Kweli?

MkalimaniKE, #40
Kweli. Muuzaji na mnunuzi wanaingiza mikono ndani ya mkono mpana wa joho, au wanaifunika kwa kitambaa, wanashikana vidole kuhesabiana bei, na waliosimama pembeni hawaoni kitu. Lakini usidhani mdomo umelala. Wanaendelea kusema kwa sauti: "hii ni nyingi mno", "ongeza hapa kidogo", "ng'ombe huyu meno yake umeyaona?" Namba peke yake ndiyo haitamkwi.

Sauti ya Kigoma, #41
Kwa hiyo vidole vina kiasi, mdomo una hoja. Mwalimu, huyo naye unamweka wapi kwenye msururu wako?

DawatiLaLugha, #42
Nipe mpaka kesho jioni, nina mitihani ya kusahihisha. Lakini angalia "hii ni nyingi mno": neno "hii" hapo halina maana yoyote bila kidole kilicho ndani ya nguo.